Upindo Mzito

Wodi ya Pili, Kitanda cha Tatu
4 Machi

Kitinda, mdogo wangu,

Nimefika, nimepewa kitanda, na nimeshagombana na mtu mmoja, kwa hiyo ujue anayeandika ni dada yako na si mwingine.

Nakuandikia kwa sababu nikishika simu nakohoa kuliko ninavyoongea, na wodi nzima inatega sikio. Dereva wa gari la dawa anapita mtaa wetu kila wiki. Barua zangu atakuletea yeye, na zako mpe yeye mkononi, usimwachie mtu mwingine.

Kifua kikuu changu wamekiita sugu. Nikawaambia kimefanana na mwenyewe. Nitakaa hapa miezi sita, dawa zinazobaki nitamalizia nyumbani. Tuko wanawake wanane, madirisha hayafungwi hata mvua inyeshe, na kila asubuhi muuguzi anasimama mbele yangu mpaka nimeze vyote, kisha ananiambia nifunue mdomo, utadhani mbuzi anayeuzwa.

Huyo niliyegombana naye ni mama mmoja mwenye faili la kijani. Hana sindano, hana kidonge, hana hata kipimajoto. Alivuta kiti akaniuliza nalalaje. Nikamjibu, kwa ubavu. Hakucheka, aliandika. Ana maswali tisa, yaleyale kwa kila mgonjwa, kila Jumanne. Anaanza kwa kuuliza kama bado nafurahia mambo, anashuka hivyo hivyo mpaka la tisa, ambalo sitaliandika hapa. Wenzangu wanamwita Mama Maswali. Sasa niambie wewe, mtu asiyetibu anatafuta nini hospitalini? Na hayo anayoandika anampelekea nani?

Dukani: wateja waambie nimeenda kozi. Vipimo vya sare za shule viko kwenye daftari la bluu, usimkatie mtu kola kwa kubahatisha. Mkanda wa cherehani kubwa umelegea. Na kabla ya kupiga pasi upindo wowote, upapase kwanza. Unakumbuka mama alivyotuchapa kwa ajili ya pini moja iliyosahauliwa.

Mwanangu Kifungo mwambie nitarudi. Siku usimtajie.

Dada yako,
Mkasi


Dukani
12 Machi

Dada Mkasi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikicheka kwa sauti mpaka mteja akauliza kama niko salama.

Mimi na Kifungo tumepimwa, vifua vyetu ni safi. Muuguzi wa zahanati ametuambia tufungue madirisha na turudi tena baada ya miezi mitatu. Kifungo alitaka kujua kama mashine imeona na chakula alichokula asubuhi.

Habari ya kozi nimeieneza, na umeniponza. Nilisema umeenda kujifunza kushona suti za kiume. Sasa fundi viatu wa jirani anangoja suti ya harusi ya mwanawe na ameshanunua kitambaa.

Kifungo hajambo. Anakwenda shule vizuri, anacheza na wenzake, jioni ananisaidia kuokota pini kwa sumaku. Kazi zipo za kutosha, usiwe na wasiwasi.

Huyo Mama Maswali labda ni mtu wa takwimu tu. Wewe nawe dada, hata anayekuuliza saa unataka kujua anakimbilia wapi. Meza dawa, mjibu, mfike salama nyote wawili.

Mdogo wako,
Kitinda


Kitanda cha Tatu
25 Machi

Kitinda,

Bahasha yako ilikuwa na gundi mara mbili. Moja kavu, moja mbichi juu yake. Wewe hufanyi kazi ya kurudia. Nani ameifungua?

Sikiliza, na usimsimulie mtu. Kitanda cha nne alikuwepo mwalimu mstaafu, mtu mpole, tulikuwa tunagawana gazeti. Jumanne iliyopita Mama Maswali alipofika swali la tisa, Mwalimu akajibu ndiyo. Nilimsikia kwa masikio yangu. Kesho yake nimetoka kuoga, kitanda kitupu, blanketi limekunjwa pembe nne. Nikauliza. Wakasema amehamishiwa karibu na chumba cha wauguzi. Karibu na chumba cha wauguzi kuna mlango mmoja tu, una pazia, na sijamwona mtu akitoka. Tangu siku hiyo mimi najibu hapana. La kwanza hapana, la tano hapana, la tisa hapana. Anaandika, anashukuru, anaondoka.

Kuna jingine. Tangu wiki iliyopita nasikia mkasi. Mchana kweupe, chini ya kitanda changu, mkasi mkubwa wa kukatia, unakula kitambaa taratibu kama fundi asiye na haraka. Nimeinama mara nyingi, sioni kitu. Siku mbili baada ya mkasi kuanza, Mama Maswali akaacha maswali yake tisa akaniuliza kama huwa nasikia sauti wengine wasizosikia. Alijuaje? Mimi sijamwambia mtu. Tena aliuliza binti yangu ana miaka mingapi. Binti sijawahi kumtaja hapa.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa mafundi cherehani, hawakuwa watu wengine.

Nakuletea gauni la Kifungo, kile kitambaa cha samawati nilichoondoka nacho. Nimelishona lote kwa mkono. Majirani wakisema lichomwe, waambie ugonjwa huu unapita kwenye hewa, hauning'inii kwenye nguo, hilo hata wauguzi ninaowashuku wanakubali. Mvishe, kisha uniambie limemkaaje. Usisahau kuniambia.

Mkasi


Dukani
2 Aprili

Kwa Mama unayeuliza maswali Wodi ya Pili,

Samahani, jina lako sijui. Dereva wa gari la dawa ameniambia kazi yako inaitwa ushauri, na kwamba wewe ni mshauri wa wagonjwa. Simu ya hospitali nimepiga tangu jana, inaita tu. Ndiyo maana nimemsihi dereva akukabidhi barua hii wewe mwenyewe, leo hii.

Mimi ni mdogo wake mgonjwa wa kitanda cha tatu. Ametutumia gauni la mtoto wake. Kwetu hatupigi pasi upindo bila kuupapasa. Nikaupapasa, nikakuta ni mzito na una vinundu. Nikaufumua. Ndani kulikuwa na vidonge kumi na moja vya aina moja, vyenye rangi mbili, kila kimoja kimeshonewa chumba chake kwa uzi wa samawati. Nimevifunga kwenye karatasi hii uvione.

Kwa hiyo dawa hamezi zote. Na kuna zaidi ya hapo. Gauni lina mikono miwili ya kushoto. Mama, wewe huenda usielewe uzito wa jambo hilo. Dada yangu ameshona miaka ishirini na miwili. Anaweza kupachika mkono gizani huku anagombana na mteja. Akikosea mkono, basi kuna kitu kimemkosea yeye. Anasikia mkasi chini ya kitanda. Anadhani barua zinafunguliwa, na ile bahasha niliifungua mwenyewe kwa sababu nilisahau kutia tarehe.

Anakuogopa. Anakujibu hapana kwa yote, usimwamini. Tafadhali muone daktari kabla ya kumuona yeye. Na nakuomba sana, usimwambie kwamba nimekuandikia. Akijua, amenipoteza na mimi nimempoteza.

Mdogo wake,
wa duka la cherehani


Dukani
2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Gauni limefika, nalo limemkaa Kifungo kama alizaliwa nalo! Amezunguka nalo mtaa mzima. Fundi viatu amesema kumbe kozi inafundisha na magauni.

Bahasha niliifungua mwenyewe, nilisahau tarehe. Hakuna mtu kati yetu.

Dada, huo mkasi usikutishe, labda ni panya au mashine za jirani. Na huyo mshauri wala si adui yako. Mwambie yanayokusumbua, hata kidogo kidogo. Mwalimu naye utaambiwa alipo, ukiuliza vizuri.

Hapa kwetu kila kitu shwari.

Kitinda


Kitanda cha Tatu
8 Aprili

Wewe,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako ilikuwa fupi kuliko upindo wa leso.

Gauni limemkaa? Kama alizaliwa nalo? Lile gauni nimelipachika mikono miwili ya kushoto kwa makusudi, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Nilitaka kujua nani yuko mwisho wa barua zangu. Nilijisemea: Kitinda akilipata atanitukana kwa herufi kubwa, ataniuliza kama nimeanza kushona kwa miguu. Asipolipata yeye, anayeandika kwa jina lake atasema gauni ni zuri. Na nimejibiwa kwamba gauni ni zuri.

Kwanza nikadhani si wewe. Ningefurahi kama usingekuwa wewe. Lakini mwandiko ni wako, ile herufi yako ya k inayoanguka chali, hakuna awezaye kuiiga. Kwa hiyo ni wewe, na umenidanganya.

Halafu hilo neno, mshauri. Mimi nimekuandikia Mama Maswali, kila barua. Nani amekufundisha cheo chake? Tena wiki hiyohiyo daktari amekuja kunimulika macho, kaniuliza habari ya sauti, kasimama na yule mama wa faili wakinong'ona karibu na sinki. Muuguzi sasa ananiangalia viganja.

Ulivifumua vidonge ukawapelekea wao. Nilitaka uvipeleke kwa mtu wa dawa avipime, tujue wananipa nini, maana tangu nianze kuvimeza ndipo mkasi ulipoanza. Ulikuwa ushahidi wangu. Umempa mwizi ufunguo ashike.

Jumanne watu wa kufulia wanaacha mlango wa nyuma wazi. Nitatoka. Kwenu siji, kwa hiyo usijisumbue kutandika. Kifungo usimwambie chochote, wewe ni hodari wa kutosema.

Sitii sahihi. Mwandiko unaujua.


Ofisi ya ushauri, Wodi ya Pili
15 Aprili

Kwako mdogo wa mgonjwa wangu,

Dada yako yupo. Naanza na hilo kwa sababu ameniambia alichokuandikia. Jana alifika mpaka mlango wa kufulia, begi mkononi, barakoa usoni. Akarudi mwenyewe. Nitakueleza kilichomrudisha, na hutakipenda.

Barua yako ilinifikia, pamoja na vidonge. Miongoni mwa dawa za kifua kikuu sugu, ile ya rangi mbili inaweza kuyumbisha akili za baadhi ya watu: usingizi unakatika, moyo unazama, wanasikia yasiyokuwepo, wanamshuku kila mtu. Si wazimu wa ukoo wala laana. Daktari ameisimamisha na kumpangia nyingine. Anasema sauti zitapungua, ila zitachukua siku kadhaa. Dada yako alikuwa ameanza kuigundua mwenyewe, ndiyo maana akaanza kuipunguza, na angetuambia kama angekuwa na mtu wa kumwambia.

Hapo kosa ni langu. Wiki baada ya wiki nilikaa mbele yake nikiweka alama ya hapana mara tisa, nikashukuru nikaenda kitanda kingine. Habari za binti yake nilizisoma kwenye karatasi aliyoijaza mwenyewe siku ya kupokelewa, lakini sikumwambia nimezitoa wapi. Swali la sauti tunamuuliza kila mtu aliye kwenye dawa ile, nalo sikumweleza kwa nini. Ningekuwa mimi kitandani pale, na mimi ningemshuku mtu kama mimi.

Jana nilimkuta pale mlangoni, begi mkononi, akaniuliza swali moja tu. "Mdogo wangu amekuandikia?"

Uliniomba nisiseme. Nilimwambia ndiyo.

Nisamehe. Mtu anayesikia yasiyokuwepo, ukimkania na lililopo, anabaki hana pa kukanyaga. Akasema, "Basi sijarukwa na akili." Nikamwambia, katika hilo hukurukwa hata kidogo. Akaweka begi chini.

Ila hajavua viatu. Amesema anangoja barua yako moja. Ikiwa na uongo hata mmoja, ataujua, na Jumanne nyingine ipo. Hatuwezi kumfunga. Akiacha dawa sasa, ugonjwa utarudi na kutakuwa na dawa chache zaidi za kuupiga. Mwandikie. Usimpambie kitu.

Mshauri


Dukani
16 Aprili

Dada,

Sina mizaha leo.

Niliwaandikia. Nilivifumua vidonge nikavituma kwao siku ileile, na jioni yake nikakaa nikakuandikia uongo. Mikono miwili ya kushoto niliiona kabla sijamaliza kulikunjua gauni. Sikudhani ni mtego. Nilidhani ugonjwa umekula mkono wako. Nilikaa chini ya meza ya kukatia nikalia, nikamwambia Kifungo ni vumbi la chaki. Sikuweza kuwa mtu wa kwanza kukuambia kwamba Mkasi amekosea mkono. Ningekutukana ningekuwa nimekuokoa, kumbe, lakini mdomo ulikataa.

Gauni Kifungo hajawahi kulivaa.

Na hayo mengine. Kozi hakuna aliyeiamini. Watu wanajua tangu wiki ya pili. Wateja sita wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata, mmoja alinyoosha mkono mlangoni bila kuingia. Fundi viatu peke yake ndiye amebaki, na suti yake anaisubiri kweli.

Kifungo hachezi na wenzake. Mama wa mtoto mmoja alikwenda kulalamika, mwalimu wa darasa akamhamishia dawati la nyuma, peke yake. Cheti cha kwamba amepimwa nimekipeleka, wamekiweka kwenye droo. Kuna siku alirudi akaniuliza, "Mama mdogo, mimi ni sugu?" Sikukuandikia kwa sababu niliona una mzigo wako. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nakuficha hata maradhi ya watu wengine.

Umeandika kwamba vilikuwa ushahidi, nivipeleke vipimwe. Lakini barua ya gauni haikusema fumua wala peleka. Haikusema neno. Nilipoviona vimejipanga vile, kumi na moja, sikufikiria ushahidi, dada. Nilifikiria jambo ambalo hata hapa naogopa kuliandika. Kwa hiyo nakuuliza, na mimi nataka ukweli kama wewe unavyoutaka: vile vidonge vilikuwa vya nini?

Nakurudishia gauni. Mikono nimeifumua yote miwili. Kitambaa cha mkono wa kulia nimekikata hapa, sindano na uzi vimo ndani. Pachika wewe.

Kitinda wako


Kitanda cha Tatu
6 Mei

Kitinda, mdogo wangu,

Viatu nimevua. Nilivivua siku ile ile barua yako ilipofika, lakini nilitaka uteseke kidogo.

Mkasi chini ya kitanda umehama. Ulikwenda kitanda cha jirani, ukaenda dirishani, siku kadhaa ukawa unakata huko nje uani, na sasa ni juma zima sijausikia. Bahasha bado naziangalia gundi. Mama Maswali anasema niziangalie tu, hakuna aliyekufa kwa kuangalia bahasha. Huwa ananionyesha anachoandika kabla ya kukunja faili. Mwandiko wake ni mbaya ajabu.

Mwalimu yupo. Ni kweli alihamishiwa karibu na wauguzi, nyuma ya lile pazia, ili asikae peke yake hata saa moja. Nimekwenda kumwona. Alinirudishia gazeti la mwezi wa tatu, amejaza mafumbo yote ya maneno, na mawili amekosea.

Kuhusu Kifungo: kesho mfuate yule muuguzi wa zahanati, mwende naye shuleni, asimame mbele ya darasa aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto hana kitu. Cheti kitoke kwenye droo. Wakikataa, niandikie, nami nitamwandikia mwalimu mkuu barua ambayo ataisoma amesimama. Na mwambie mwanangu kwamba sugu ni mama yake, tena kwa mambo mengi. Suti ya fundi viatu anza na suruali, koti niachie.

Sasa swali lako. Nimezunguka sana, nimeishiwa na mahali pa kuzunguka.

Havikuwa ushahidi. Hilo nililitunga baadaye, kwa hasira. Nilianza kuvificha kwenye soksi, kimoja kila siku, kwa sababu vilikuwa vinanitia hofu. Vilipofika kumi na moja nikajikuta navimwaga kitandani na kuvihesabu, na moyo wangu umetulia. Ulikuwa utulivu mbaya. Nikajua nimeanza kuvihifadhi kwa kazi nyingine. Niliogopa, Kitinda. Sikuwa na mtu wa kumpa. Nilimshuku muuguzi, nilimshuku daktari, nilimshuku Mama Maswali, na wewe nilikushuku mpaka nikakutegea mikono. Lakini vidole vyako sikuweza kuvishuku. Hata ungekuwa umeuzwa na umenunuliwa, usingepiga pasi upindo bila kuupapasa. Basi nikavishona humo, viwe mbali nami.

Jumanne moja Mama Maswali alifika la tisa, lile la kama huwa nawaza kufa. Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu, hakuondoka mpaka chakula cha mchana. Sasa tunalizungumza kila wiki, na muuguzi anajua, na wewe unajua.

Gauni nalirudisha kwa dereva. Mikono iko sawa, kulia kulia, kushoto kushoto. Upindo nao nimeushona upya. Hamna kitu ndani.

Lakini upapase.

Dada yako,
Mkasi